Korosho ya Newala, malori mawili, meli mbili na hati moja

Ukifika njiapanda ya Mnazi Mmoja pale Mingoyo ukitokea Masasi, kulia ni Mtwara, kushoto ni Lindi na Dar es Salaam. Kwa misimu mingi malori ya korosho yalikuwa yanakata kushoto. Mwenye mzigo aliiacha bandari ya jirani, tena yenye kina cha asili, akalipia mafuta ya zaidi ya kilomita 450 kwenda kupanga foleni Dar. Siku hizi serikali inasimamia korosho za kusini zitokee Mtwara, na malori yanakata kulia. Hata hivyo swali halijaondoka: mfanyabiashara anayehesabu shilingi kwa shilingi alikuwa anafuata nini kule?

Vijiweni utaambiwa ni njama za watu wa Dar. Siasa imo, sikatai. Lakini sehemu kubwa ya jibu iko kwenye hesabu za usafirishaji mseto, yaani mzigo mmoja kusafiri kwa njia mbili au zaidi, iwe lori, treni, meli au ndege, kuanzia ghala la muuzaji hadi mlangoni kwa mnunuzi. Ukizijua hesabu hizo utaelewa pia kwa nini makaa ya mawe ya Ruvuma hayahangaishwi na mambo yanayoihangaisha korosho, na kwa nini neno moja lililokosekana kwenye karatasi linaweza kumtia mtu hasara kubwa kuliko dhoruba.

Mzigo unapobadili mikono

Tuchukue korosho ghafi zilizonunuliwa mnadani na kampuni inayouza Vietnam. Mkulima ameshapeleka kwenye chama cha msingi cha ushirika (AMCOS), AMCOS imepeleka ghala kuu, mnada umepita, pesa imelipwa na kibali cha kutoa mzigo kimetoka. Magunia ya kilo 80 yanapandishwa kwenye lori hadi yadi iliyo karibu na bandari. Pale yanapimwa unyevu, mengine yanamwagwa na kuanikwa upya, kisha yanapangwa kwenye kontena la futi 20, ambalo hubeba tani 15 hadi 16 hivi za korosho ghafi. Kontena linafungwa sili na kupimwa uzito. Tangu Julai 2016 kanuni za kimataifa za usalama wa meli haziruhusu kupakia kontena ambalo uzito wake haujathibitishwa. Wakala wa forodha anahangaika na TRA, cheti cha afya ya mimea na cheti cha asili ya bidhaa. Ndipo kontena linapoingia bandarini na kuanza kusubiri.

Meli itakayolichukua Mtwara kwa kawaida siyo itakayofika Vietnam. Ni meli ndogo ya kuunganisha, inayokusanya makontena kwenye bandari za ukubwa wa Mtwara na kuyapeleka kwenye bandari kubwa ya mapokeo, kama Colombo au Singapore. Huko yanashushwa, yanalala siku kadhaa, yanapakiwa kwenye meli nyingine kwenda Ho Chi Minh, na kutoka hapo lori tena hadi viwanda vya Bình Phước, uliokuwa mkoa hadi ulipounganishwa na Đồng Nai mwaka 2025, ambako ubanguaji wa korosho ni kazi ya mji mzima.

Hesabu mara ambazo mzigo umebadili mikono: hazipungui nane. Na hapo ndipo pesa inapokwenda. Baharini kontena linagawana mafuta na mabaharia na makontena mengine mamia au maelfu, kwa hiyo maili za maji ni rahisi. Kila linapobadili chombo, kuna kreni, ada ya bandari, karani, ukaguzi, na siku za kusubiri ambazo nazo zina bei. Bomba la maji mara nyingi halivuji katikati, linavuja kwenye maungio, na mnyororo wa usafirishaji uko hivyohivyo.

Kontena lenyewe lilikuja kutibu maungio hayo. Zamani kila gunia lilinyanyuliwa kwa mgongo au wavu wa kreni kila lilipotoka chombo kimoja kwenda kingine. Aprili 1956 Mmarekani Malcom McLean alipopakia makasha 58 ya chuma kwenye meli Ideal-X kutoka Newark kwenda Houston, alichookoa ni mikono hiyo: mzigo unafungwa mara moja na kufunguliwa mara moja, katikati kinanyanyuliwa kisanduku tu. Ila kontena limerahisisha kunyanyua. Halikugusa mikataba, sheria, wala ratiba za watu wanane tofauti. Hapo ndipo anapoingia mwendeshaji wa usafirishaji mseto, kampuni au wakala anayekubali kupokea mzigo Mtwara na kuukabidhi Bình Phước kwa mkataba mmoja, bei moja na hati moja, akijua mwenyewe atakodi lori la nani na meli ya nani.

Anachopata mwenye mzigo

Faida ya kwanza huonekana zaidi kwa wadogo. Mnunuzi mkubwa mwenye makontena mia tatu anazungumza na kampuni za meli ana kwa ana na kupewa bei ya mteja mkubwa. Kikundi cha wabanguaji wa Newala au Mtama chenye katoni mia moja za viini hakina sauti hiyo. Mwendeshaji anaweza kuchanganya mzigo wao na wa wengine kwenye kontena moja, na wao wakalipia nafasi wanayoitumia tu. Bila huduma hiyo, kikundi huishia kumuuzia mtu wa kati mlangoni, na faida ya kubangua inabaki kwake.

Ya pili ni benki. Biashara ya mbali mara nyingi hulipwa kwa barua ya dhamana ya benki, yaani ahadi ya benki ya mnunuzi kwamba italipa ikiletewa hati sahihi, na benki haiangalii korosho, inaangalia karatasi. Kanuni za kimataifa zinazofuatwa na benki, UCP 600, zina kifungu maalumu, cha 19, kinachokubali hati moja ya usafiri inayofunika njia mbili au zaidi. Maana yake muuzaji anaweza kulipwa kwa hati iliyotolewa mzigo ulipopokelewa nchi kavu, ilimradi barua ya dhamana imeandikwa hivyo. Kwa mtu aliyekopa kununua mzigo, siku kumi za riba si jambo dogo.

Ya tatu ni kuwa na njia ya pili. Kimbunga Hidaya kilipopiga mwezi Mei 2024, mafuriko yalikata barabara kuu ya Lindi na Dar es Salaam maeneo ya Kilwa, na kwa siku kadhaa watu na mizigo ya kusini vilikwama. Bahati msimu wa korosho ulikuwa umepita. Fikiria kama ingekuwa Novemba, na mkoa mzima unategemea lami ile moja kupeleka mzigo wake Dar! Bandari inayofanya kazi Mtwara ni bima ya barabara, na barabara nayo ni bima ya bandari siku meli inapochelewa. Watunga mipango huwa hawaiwekei faida hii bei mpaka daraja lisombwe.

Yote haya yanamfikia mkulima kupitia mnada. Mnunuzi anapoweka bei kwenye mfumo wa Soko la Bidhaa, TMX, anaanzia bei ya Vietnam au India na kutoa kila gharama ya njiani, pamoja na ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje, asilimia 15 ya thamani au dola 160 kwa tani, kile kilicho kikubwa. Kinachobaki ndicho anachoweza kutoa, halafu hapo ndipo makato ya mjengeko wa bei, yaani tozo anazokatwa mkulima, yanapoanza. Dola kumi za kontena kukaa bure yadi hazionekani popote kwenye stakabadhi ya mkulima wa Kitangari, lakini amezilipa.

Kontena tupu linatoka wapi?

Sasa turudi kwenye swali la kukata kushoto. Kampuni ya meli inapata faida kontena linapokuja limejaa na kuondoka limejaa. Dar es Salaam inapokea nguo, vipuri, vyakula, dawa, mizigo ya Zambia, Kongo, Rwanda. Makontena yanafunguliwa, yanabaki matupu, na kampuni inatafuta mtu yeyote wa kuyajaza, hata kwa bei ya chini. Ukiwa na korosho Dar, kontena lipo na meli zipo wiki hadi wiki.

Mtwara haiagizi kiasi hicho. Inasafirisha sana kwa miezi michache na kupokea kidogo mwaka mzima. Kwa hiyo ili tani 16 za korosho zipate kontena, lazima mtu alete kontena tupu kwa meli au kwa lori, na gharama ya kuleta hewa imeandikwa mahali fulani kwenye nauli. Tena yanahitajika yote kwa mpigo. Korosho huanza kumiminika Oktoba na kuendelea hadi Januari, hivyo bandari hutaka maelfu ya makontena Novemba na karibu hakuna Mei. Kampuni ya meli haipendi njia yenye kazi ya miezi minne. Ikituma meli, italeta ya kubahatisha au itadai dhamana ya mzigo kabla ya kufika.

Kwa hiyo aliyekuwa anakwenda Dar hakuwa mjinga. Alilipa kilomita ili asilipe kusubiri. Amri ya kupakia Mtwara imebadilisha hesabu hiyo kwa nguvu, na kwa maoni yangu ilikuwa sahihi, kwa sababu meli haziji mahali pasipo na mzigo wa uhakika na mtu alipaswa kuanza. Lakini amri haiumbi makontena. Gati jipya la mita 300 lililoongezwa kando ya lile la zamani la mita 385 limeondoa tatizo la meli kukosa pa kufunga kamba. Uhaba wa makontena matupu ni kitu kingine, na hautibiwi kwa zege.

Unatibiwa na nini? Kwanza mizigo ya kuingia. Salfa ya mikorosho ni mfano mzuri: zamani ikishushwa Dar na kupandishwa malori, sasa hushushwa Mtwara. Ikija ndani ya makontena, hayo ni makontena ambayo yamekwishafika, ingawa yanahitaji kuoshwa sawasawa kabla ya kuwekewa chakula, na wengine hawayakubali kabisa kwa sababu ya harufu. Pili, ubanguaji. Korosho ghafi ikibanguliwa, uzito wa viini ni robo au zaidi kidogo. Makontena manne ya ghafi yanakuwa moja la viini, lenye thamani kubwa na linaloweza kuondoka mwezi wowote. Kongani ya viwanda vya korosho pale Maranje huzungumzwa kama habari ya ajira, na ni sawa, lakini ikifanikiwa itapunguza pia njaa ya makontena ya Novemba kuliko mkutano wowote na kampuni za meli.

Makaa ya mawe ya Ngaka, kule Ruvuma, hayana shida hii, kwa kuwa yanasafiri kichele, yaani bila kufungashwa. Vita ya Ukraine ilipopandisha bei ya nishati mwaka 2022, wanunuzi wa mbali walianza kuyachukua kupitia Mtwara, na malori yakafurika barabara ya Songea. Hapo kontena halihitajiki: lori linamwaga, kreni inachota, meli inajaa. Tabu yake ni nyingine. Meli ya tani 50,000 ni safari zipatazo 1,670 za lori la tani 30, kila safari zaidi ya kilomita 600, na barabara inalipa. Sheria ya uzito wa magari ya Afrika Mashariki imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake, na mizani haina huruma. Halafu kuna vumbi. Makaa na korosho kwenye bandari moja ni ndoa mbaya, ndiyo maana serikali imeamua mizigo michafu ihamishiwe bandari mpya ya Kisiwa Mgao. Kwa bidhaa ya bei ndogo kwa tani kama makaa, lori ni njia ya dharura. Bei ya dunia ikishuka, kilomita 600 za dizeli zinameza kila kitu.

Kikiharibika, nani analipa?

Hili ndilo eneo gumu kuliko yote, na ndilo wafanyabiashara wetu wengi wanalolisoma baada ya hasara.

Kontena limefunguliwa Bình Phước. Sili iko salama. Magunia ya chini ni mazuri, ya juu yamelowa na kuota ukungu. Maji yaliingia wapi? Inawezekana hayakuingia popote. Korosho iliyopakiwa ikiwa bado na unyevu mwingi hutoa mvuke kontena linapopigwa jua. Usiku bati la juu linapoa, mvuke unageuka matone, na matone yanadondokea magunia. Hiyo ni mvua ya ndani ya kontena, na inaharibu mzigo bila tone la bahari kuugusa. Kikomo kinachoshauriwa ni unyevu wa asilimia 10 au chini.

Wapakiaji wazuri wa Mtwara wanajua dawa yake. Kabla ya gunia la kwanza kuingia, mtu mmoja anaingia ndani ya kontena tupu, wenzake wanafunga milango, naye anasimama gizani akitazama juu na pembeni. Akiona nukta ya mwanga, kuna tundu, kontena linarudishwa. Anainama kunusa sakafu ya mbao kama ilibeba kemikali au samaki, na kuigusa kama ina unyevu. Kisha kuta zinavishwa karatasi nene za kahawia, mifuko ya kunyonya unyevu inaning'inizwa kwenye mikunjo ya bati, na tabaka la juu la magunia linafunikwa. Dakika arobaini za kazi hiyo ndizo zinazoamua kesi itakayokuja miezi miwili baadaye.

Kwa sababu msafirishaji atajitetea hivi: sili haijavunjwa, muuzaji ndiye aliyepakia kontena, na korosho ilikuwa na ubovu wake wa ndani. Utetezi wa ubovu wa asili wa bidhaa unakubalika karibu kwenye kila sheria ya usafirishaji. Usipokuwa na vipimo vya unyevu vya siku ya kupakia, picha na namba ya kontena, huna cha kujibu.

Na kama hasara imetokea njiani kweli, sheria ipi inatumika? Mwaka 1980 nchi zilikutana Geneva chini ya Umoja wa Mataifa zikaandika mkataba mmoja wa usafirishaji mseto wa kimataifa. Ulihitaji nchi 30 kuuridhia ili uanze kufanya kazi. Hazijafika mpaka leo. Kwa hiyo kila njia imebaki na sheria yake, na mwendeshaji anawajibika kwa kiwango cha mahali hasara ilipotokea. Baharini, kanuni za Hague-Visby zinaweka kikomo cha SDR 666.67 kwa kifurushi au SDR 2 kwa kilo, kile kilicho kikubwa. SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Kanuni za Hamburg za 1978, ambazo Tanzania iliziridhia, zinatoa SDR 835 au 2.5. Kwenye barabara za Ulaya, mkataba wa CMR unatoa 8.33 kwa kilo. Lori la kutoka Newala kwenda yadi haliko chini ya mkataba huo. Hapo unategemea ulichoandikishana na mwenye lori, na mara nyingi hamkuandikishana kitu.

Hasara isiyojulikana imetokea wapi huangukia kwenye kiwango cha mkataba wenyewe. Hati nyingi za mseto hufuata kanuni za 1992 za UNCTAD, chombo cha biashara cha Umoja wa Mataifa, na ICC, chama cha kimataifa cha wafanyabiashara, ambazo kama safari ina kipande cha bahari hurudi kwenye 666.67 au 2.

Namba hizi zinaonekana za wanasheria mpaka uziweke kwenye mzigo. Chukua kontena la viini, katoni 700 za kilo 22.68 kila moja, jumla kilo 15,876. Kwa bei ya mfano ya dola 6 kwa kilo, mzigo una thamani ya dola 95,000 na ushei. Limezama lote. Kama hati ya shehena imeandikwa tu "kontena 1 la viini vya korosho", kontena zima linahesabiwa kifurushi kimoja, hivyo kikomo cha uzito ndicho kikubwa: SDR 31,752, kati ya dola 41,000 na 46,000 kufuatana na kiwango cha siku. Zaidi ya nusu ya mzigo imepotea. Kama imeandikwa "kontena 1, katoni 700", kila katoni ni kifurushi, kikomo kinapita SDR 466,000, na unaweza kudai thamani yote. Tofauti ya karibu dola 50,000 imetokana na maneno mawili ambayo karani wa wakala aliona uvivu kuyaandika. Kwa korosho ghafi, ambayo kilo yake ni rahisi, kikomo cha SDR 2 mara nyingi kinatosha. Kadiri tunavyobangua zaidi ndivyo kosa hili litakavyotuuma zaidi.

Muda nao ni mtego. Uharibifu usioonekana kwa nje unatakiwa kutolewa taarifa kwa maandishi ndani ya siku 3 chini ya Hague-Visby, siku 15 chini ya Hamburg, siku 6 chini ya kanuni za UNCTAD na ICC. Muda wa kufungua kesi ni mwaka 1, miaka 2, na miezi 9, kwa mpangilio uleule. Ukisubiri "tuelewane kindugu" na wakala, muda unakatika. Bima ya mzigo ya ghala hadi ghala inaondoa sehemu kubwa ya presha hii, ila kampuni ya bima nayo itauliza kama ulitoa taarifa kwa wakati, kwa sababu ndiyo itakayomdai msafirishaji baada ya kukulipa.

Kuna kosa la tatu, dogo kwa maandishi lakini kubwa kwa fedha: kuuza kontena kwa FOB Mtwara. Chini ya FOB hatari ya mzigo inabaki kwa muuzaji mpaka kontena litue ndani ya meli. Lakini muuzaji alishalikabidhi yadi au getini. Meli ya kuunganisha ikichelewa wiki mbili, kontena linapikwa na jua la Januari mikononi mwa watu wengine, huku hatari ikiwa yako. Sharti la FCA linahamisha hatari pale unapokabidhi, na toleo la 2020 la Incoterms, kanuni za kimataifa za masharti haya ya mauzo, limeweka njia ya muuzaji wa FCA kupata hati ya shehena inayoonyesha mzigo umepakiwa, kitu ambacho benki ilikuwa inakitaka. Sijui kwa nini FOB bado inatawala mikataba ya korosho, isipokuwa mazoea.

Upande wa ziwa

Kusini tulishawahi kuwa na reli. Ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza kule Nachingwea. Mradi ulifutwa 1951, gati la Mtwara likakamilika 1954 likisubiri karanga ambazo hazingekuja, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Anayepigia debe reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye matawi ya kwenda kwenye makaa ya Mchuchuma na chuma cha Liganga, anapaswa kujibu swali lililoiua ile ya kwanza: mzigo gani, tani ngapi, kwa mwaka mzima? Makaa na chuma ni jibu zuri kuliko karanga. Ila migodi inasubiri reli na reli inasubiri migodi.

Kilichopo tayari ni lami hadi Mbamba Bay, na bandari ya ziwani inayojengwa pale. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa ni Nkhata Bay, Malawi. Tanzania, Msumbiji, Malawi na Zambia zilikubaliana juu ya Ushoroba wa Mtwara tangu Desemba 2004, na hii ndiyo sehemu yake inayoweza kufanya kazi bila kusubiri treni: lori, meli ya ziwa, lori. Ina maungio mawili ya ziada, na kila ungio, kama tulivyoona, lina bei. Mshindani wake ana reli. Nacala, Msumbiji, ni bandari ya kina kirefu iliyounganishwa na Malawi kwa njia ya treni inayoendelea hadi machimbo ya makaa ya Moatize, zaidi ya kilomita 900 kutoka baharini. Daraja la Umoja pale Mtambaswala, mita 720 juu ya Mto Ruvuma, lilifunguliwa 2010 na likakaa miaka na magari machache kwa kuwa barabara ya upande wa Msumbiji haikuwa tayari, kisha ghasia za Cabo Delgado zikaanza 2017. Kipande kimoja cha njia kikilala, vipande vyote vinalala.

Hata hivyo Malawi ina kitu ambacho Mtwara inakihitaji kuliko kilomita za lami. Minada yake ya tumbaku hufunguliwa karibu na Aprili na kuendelea hadi katikati ya mwaka, wakati ambao yadi za Mtwara huwa kimya. Tumbaku husafiri kwenye makontena. Bidhaa za Malawi za kuingia zikipitia Mtwara, makontena yake yakarudi na tumbaku Aprili hadi Agosti, na korosho ikachukua nafasi kuanzia Oktoba, kampuni ya meli inapata njia yenye kazi karibu mwaka mzima. Kwa sasa tumbaku hiyo kwa sehemu kubwa inatokea Beira na Nacala. Kuivuta kidogo kunahitaji ratiba ya meli ya ziwa inayojulikana miezi sita kabla, forodha za nchi mbili zinazokubali sili moja bila kufungua kontena Mbamba Bay, na mwendeshaji mmoja aliye tayari kutoa bei moja kutoka Lilongwe hadi meli ya Mtwara, na kuisimamia hata pale ziwa linapochafuka na meli isitoke.